Kinu Kitupu cha Tunu

Paukwa!
*Pakawa!*
Kinu kikilia?
*Tunasikia!*
Basi sogeeni.

Siku ya tatu baada ya mavuno, asubuhi, mchi wa Tunu ulibadili sauti.

Hapo kale, katika kijiji cha Kiwele, aliishi mfinyanzi aitwaye Mashavu. Jirani yake alikuwa Tunu, mke wa Shomvi mhunzi. Ua kwa ua, katikati ukuta wa makuti. Kila asubuhi Mashavu alikanda udongo huku akisikia mchi wa Tunu: du-du! du-du! Mikono miwili. Asubuhi ile akasikia: du... du... Mkono mmoja.

Akanawa udongo, akaenda.

"Hodi, mwanangu. Mkono una nini?"

"Nimeteleza kisimani, mama."

Mwezi ukapita. Du... du...

"Hodi. Jicho lina nini?"

"Nimejigonga mlangoni, mama."

Mwezi ukapita. Du... du...

"Hodi. Ubavu una nini?"

"Mbuzi kanipiga pembe."

Mmesikia, jamani? Mashavu akautazama ua, pembe hadi pembe.

"Mbuzi yupi, Tunu? Hapa hata kinyesi chake sikioni."

Tunu akacheka. Kisha akalia.

"Ni mume wangu. Amesema nikivuka ua huu, siku hiyo ataniua."

Mashavu hakuuliza, umemfanyia nini? Hakusema, vumilia. Aliuliza neno moja tu.

"Unataka kutoka?"

"Nataka. Lakini nani ataniamini? Shomvi anacheka na kila mtu."

"Mimi nimekuamini. Siku akiinua mkono, twanga kinu kitupu."

Sasa nyie hamkijui Kiwele. Kule kinu kitupu hakitwangwi ila nyumba inapowaka. Kikilia, wanawake wote huja mbio na maji. Na nyumba ikishika moto, mke mwenye jiko hutoka na vyombo vyake. Hulala kwa jirani siku saba, mpaka wazee wapande kulikagua paa.

Siku ya soko, mchana kweupe, wali uliungua. Shomvi akachomoa ukuni jikoni. Pigo la kwanza likampata Tunu mkononi. La pili halikumkuta. Alikwisha kukimbilia uani, mchi ukiwa katika mkono mzima.

Go! Go! Go!

Wanawake wakaja na mitungi kichwani, Mashavu mbele.

"Moto uko wapi?"

Shomvi alisimama na ukuni wake. Akafikiri: nikisema hakuna moto, wataniuliza kinu kimelilia nini. Akatabasamu.

"Ulikuwepo, dada zangu. Kidogo tu. Nimeshauzima."

"Ulikuwepo?" akauliza Mashavu.

"Ulikuwepo."

"Mmemsikia wote?"

"Tumemsikia!"

"Basi, Tunu, njoo kwangu. Siku saba. Nyie, mbebeeni kinu chake."

Shomvi akapiga hatua moja. Mwanamke mmoja akashusha mtungi kichwani.

"Shemeji, naona bado unafuka moshi. Nikumwagie?"

Shomvi akarudi nyuma. Tunu akavuka ua, wanawake wamemzunguka. Jioni ile mganga wa mifupa akaufunga mkono wake kwa vijiti.

Siku ya saba wazee wakapanda. Wakakagua paa lote. Hakuna ukuti ulioungua hata mmoja.

"Shomvi, moto wako uko wapi?"

Tunu akasimama barazani.

"Moto haukuwepo. Ulikuwepo ukuni, na mkono wangu."

Mashavu akataja alichokiona: mwezi wa kwanza mkono, wa pili jicho, wa tatu ubavu. Mwanamke mmoja akasema, "Hata mimi niliona, nikanyamaza." Wa pili akasema vivyo hivyo. Wa tatu naye.

Wazee wakaamua: Tunu harudi kwa Shomvi, na Shomvi asikanyage ua wa Mashavu.

Mavuno yaliyofuata, asubuhi, wapita njia walisikia mchi uani kwa mfinyanzi: du-du! du-du!

Mikono miwili.

Kinu kikilia?
*Tunasikia!*
Mkishasikia?
*Tunakwenda!*
Nami nimeshatwanga. Pumba peperusheni, unga nendeni nao nyumbani.