Mtungi Mlangoni mwa Mzazi

Sogeeni, na mwenye haraka aende zake, maana fumbo hili lina ugomvi ndani yake.

Palikuwa na ndugu watatu wa kike. Tausi alijaliwa pua: mchuzi ukianza kuungua nyumba ya nne, yeye ndiye wa kwanza kusema. Kibibi alijua habari za hewa na moto. Mwanaidi alikuwa na mikono yenye nguvu na moyo usiojua kurudi nyuma.

Wifi yao, Zuhura, alijifungua binti. Siku ya saba, siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina, ua ulijaa wapishi. Mpishi mmoja alipomaliza kupalia wali makaa juu ya kifuniko, yaliyobaki akayamwaga nyuma ya magunia, asijue kuwa pana mtungi wa gesi. Nao ulikuwa mlangoni mwa chumba cha mzazi, na mlango ulikuwa huo mmoja tu.

Tausi akanusa. "Gesi hiyo," akasema, akavuta gunia. Mtungi ulikuwa ukipiga mluzi. "Zuhura, usitoke!"

Wapishi wakataka kuuburuta. Kibibi akawazuia. "Msiuguse, mkiuburuta cheche moja tu yatosha kuuwasha. Chembe za gesi humo ndani zikipata joto hukimbia mbio, na kadiri zinavyokimbia ndivyo zinavyougonga mtungi kwa nguvu. Zipozeni, zitapunguza mwendo. Mwagieni maji, makaa na mtungi, na majiko yote yazimwe."

Wakatazamana. Ndani mtoto akaanza kulia. Mwanaidi akabeba ndoo, akaukaribia mtungi, akamwaga, akarudi kuchota, akamwaga tena, makaa yakimuunguza nyayo, hata mluzi ukafifia, ukanyamaza. Zuhura akatoka na mwanawe kifuani.

Baba wa mtoto akasema, "Aliyemwokoa binti yangu, mtoto ataitwa jina lake." Alidhani amemaliza, kumbe ndiyo kwanza ameanza.

"Bila pua yangu," Tausi akasema, "mngekuwa mnapakua wali huku mauti yapo mlangoni."

"Joto lilelile ndilo lililokuletea harufu upesi," Kibibi akamjibu. "Mimi ndiye niliyewazuia wasiuburute."

Mwanaidi akaonyesha nyayo zake. "Maneno hayazimi moto, dada."

Wali umepoa, wageni wangali wanangoja jina. Zuhura anawatazama mawifi zake watatu, na anajua kuwa wawili watakaoachwa hawatasahau. Mtoto ni mmoja na jina ni moja.

Je, wewe ungemwita nani?