Alama Mbili Katika Chalbi

"Tairi huacha alama, haliachi habari." Mmeusikia msemo huo asubuhi pale kwenye pampu ya maji, Hawo alipomkataza kaka yake kukata jangwa kwa pikipiki, eti kwa sababu jana kuna mtu aliyepita. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza umetoka wapi. Basi wekeni simu chini, nazo zipumzike kidogo. Msemo huu una mwenyewe, na una siku yake. Ulianza hivi.

Zamani, kabla lami haijafikiriwa huku kwetu, palikuwa na mashindano ya magari yaliyofanyika kila mwaka kandokando ya jangwa la Chalbi. Hayakuwa ya madereva wa kulipwa. Walikuja makanika, walimu, wenye maduka, hata daktari wa mifugo, kila mmoja na gari alilolifufua kwa mikono yake. Walianzia Maikona na kumalizia hapa Kalacha, na njiani palikuwa na vituo ambapo dereva alitia sahihi. Kati ya kituo na kituo, kila mtu alijichagulia pa kupita.

Galgallo Sori alikuwa fundi wa magari wa hapa hapa. Alikuwa ameshindana mara tatu, na mara zote tatu hakumaliza. Mwaka wa kwanza rejeta ilipasuka. Wa pili ekseli ilivunjika. Wa tatu alipotea akatokea kwenye maboma ya Warendille, wakamkalisha siku mbili wakimnywesha maziwa. Watu wetu hawana huruma katika kubandika majina, wakamwita Nusu. Mwenyewe alicheka nao. Lakini mwaka ule binti yake, Dokatu, alianza shule, na siku ya pili tu alirudi nyumbani akiuliza kwa nini wenzake wanamwita Binti Nusu. Galgallo alitoka nje, akafungua boneti ya gari lake, akainama humo mpaka jua likazama. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu, nalo ni kumaliza. Hata akiwa wa mwisho, mradi mtoto amwone akifika.

Aliyeketi kando yake garini kumwelekeza njia alikuwa dada yake mkubwa, Talaso, mjane aliyechunga ngamia tangu utotoni, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima.

Siku ya mashindano gari lilikwenda vizuri kuliko siku zake zote. Kufika saa sita mchana walikuwa wa pili. Mbele yao alikuwa mmoja tu, Mwangeka, fundi umeme kutoka Voi, aliyekuwa ameshinda miaka miwili mfululizo. Walipofika kwenye mawe meupe, pale njia ya siku zote inapopinda kuuzunguka uwanda wa chumvi, waliona alama za tairi za Mwangeka zimeiacha njia na kukata katikati ya uwanda. Kupita huko kungeokoa saa nzima.

"Simamisha," Talaso alisema.

Alishuka na fimbo yake, akatoboa ganda la chumvi. Fimbo ilitoka na unyevu mweusi kwenye ncha. Wiki moja nyuma mvua ilikuwa imenyesha milimani, na maji ya milimani huteremka kimya kimya mpaka Chalbi, yakakaa chini ya chumvi. Juu panakuwa pakavu kama sinia, chini ni uji. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa na desturi: baada ya mvua hiyo, hakuna aliyeingiza ngamia uwandani mpaka akutane na mtu aliyetoka ng'ambo ya pili, ampe maziwa, amkalishe, amuulize habari ya njia. Galgallo aliijua desturi hiyo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

"Dada, mtu ameshapita," alisema. "Alama hizo hapo."

"Alama naziona. Mtu simwoni."

"Gari lake ni zito kuliko letu. Kama limepita, letu litaruka."

"Nani amekwambia limepita? Hizi zinasema liliingia. Umemuuliza nani habari?"

Galgallo alitazama saa yake, akamwona Dokatu moyoni, akatia gia. Talaso hakubishana tena. Alipanda, akaiweka fimbo katikati ya magoti yake.

Walikwenda kama kilomita tatu. Kisha wakaliona gari la Mwangeka, limezama mpaka milangoni. Mwenyewe alikuwa amekaa juu ya paa, na mwenzake yuko kivulini ameufunga mkono kwa kitambaa, kwa maana umeteguka gari liliposimama ghafla. Galgallo alikanyaga breki, na hapo hapo akasikia magurudumu ya nyuma yakishuka polepole.

Mwangeka aliteremka, akazunguka gari lao, akapiga hesabu za kifundi.

"Langu limekwisha," alisema. "Lako bado. Nina winchi ya mkono ya kuvutia gari, na chuma cha kuichimbia ardhini nyuma yako. Nikiifunga kwako, wewe ukishika usukani na mama huyu akipanga mbao chini ya magurudumu, tutakuvuta utoke kinyumenyume. Nusu saa. Lakini iwe sasa hivi, ndugu yangu. Ukingoja, matope yatalimeza kama langu."

"Halafu?"

"Halafu unazunguka kwa njia ya mawe na kufika wa kwanza. Ukifika, utuletee lori."

Galgallo alishusha pumzi. Alikuwa tayari ameshika mlango aliposikia Talaso akimwita. Dada yake alikuwa amegeuka nyuma, kiganja juu ya macho. Mbali, upande wa mawe meupe, vumbi lilikuwa linapanda. Magari mengine tisa yalikuwa yanakuja, na nyuma yao lori la kuvuta magari, moja tu katika mashindano yote.

"Sisi tulikuta alama moja," Talaso alisema taratibu. "Wale watakuta mbili."

Galgallo alielewa. Alama ya kwanza ilikuwa imemdanganya yeye. Ya pili ilikuwa yake, na ingewadanganya wote, mpaka lile lori. Na lori likizama, nani angelivuta?

Alitazama winchi. Alitazama gari lake, ambalo kila skrubu aliijua kwa jina. Wa kukimbia kuwazuia hakuwepo mwingine. Mwenye mkono ulioteguka alikuwa anatapika kwa maumivu, Mwangeka alihema kwa jua, na magoti ya Talaso yasingefika hata nusu. Angeweza kulitoa gari, au angeweza kuwawahi wale. Mawili hayo hayakuwezekana pamoja.

"Nipe leso yako," alimwambia dada yake. Akavua viatu, vilivyokuwa vinanasa, akakimbia.

Chumvi ilimkata nyayo. Alipofika ukingoni mwa uwanda, gari la kwanza, la mwalimu mmoja wa Maikona, lilikuwa limeshaingiza magurudumu ya mbele uwandani. Galgallo alisimama katikati ya alama zake mwenyewe na kuipunga ile leso.

Mwalimu alitoa kichwa dirishani. "Nusu, limekufa tena?"

"Limekufa."

"Mbona alama zinaendelea?"

"Zinaendelea, mwalimu. Tairi huacha alama, haliachi habari. Habari ndiyo mimi. Rudini mzunguke kwa mawe."

Mwalimu alimtazama miguu, akaona damu, akarudisha gari nyuma bila kuuliza lingine. Galgallo alibaki pale juani akiwageuza mmoja mmoja, mpaka lori likafika na kusimama ukingoni, na vijana wake wakaingia kwa miguu kuwabeba waliobaki. Watu walitoka wote. Gari la Galgallo lilitoka siku ya nne, injini imejaa chumvi.

Jioni ile aliingia Kalacha juu ya lori, ameketi kati ya kamba na makopo. Dokatu alikuwa juu ya pipa karibu na meza ya sahihi, mahali alipokaa tangu mchana akihesabu magari. Galgallo alichechemea mpaka kwake. Kwa mara ya kwanza maishani aliona aibu mbele ya mtoto.

"Sikufika, mwanangu," alisema. "Nimeishia nusu tena."

Mtoto alimshika sikio, kama alivyozoea. "Yamefika tisa, baba. Kila aliyefika ameulizwa ametoka wapi, na kila mmoja amesema ametoka kwako."

Galgallo alikaa chini mchangani na kulia waziwazi, na hakuna aliyemcheka.

Jina hawakumvua. Aliitwa Nusu mpaka akazeeka, ila wafugaji wakitaka kuvuka Chalbi baada ya mvua walimpelekea maziwa kwanza. Na yule mtoto wa juu ya pipa ameota mvi sasa, mnamwita bibi, na bado haoni haya kuitwa Binti Nusu.

Haya, chukueni simu zenu. Na wewe, kaka yake Hawo, kabla hujawasha pikipiki, mtafute huyo aliyepita jana umtazame usoni. Tairi huacha alama, haliachi habari.