Sala Aliyoiandika Demba

Wamesimulia waliotutangulia, na Allah ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika zama za utumwa huko Marekani, kwenye mashamba ya mpunga ya Georgia, alikuwako mja mwema akiitwa Demba, aliyehifadhi Qur'ani kwao Futa, magharibi mwa Afrika. Alitekwa angali kijana, mama yake akitazama. Miaka thelathini alilima matope ya watu asiache swala, na mkewe Kumba, aliyeletwa kutoka nchi ileile, akisali nyuma yake.

Siku moja akaja bwana mmoja wa jumuiya ya wahisani. Hao waliwakomboa watumwa waliokuwa Wakristo na kuwarudisha Afrika kwa meli. Akamtaka Demba aandike sala yoyote kwa hati ya kwao. Demba akaandika Alhamdu, mwanzo hadi mwisho. Yule bwana hakujua alifu wala be. Akaitwaa karatasi kwa furaha, akaitembeza mji mzima.

Baada ya wiki mbili akarudi. "Demba, wote wameona sala yako ya Kikristo. Wewe na mkeo mmepata nafasi melini!"

Usiku ule Demba akamwambia mkewe kwamba atawaeleza kweli.

"Nyamaza tu, mume wangu," Kumba akamsihi. "Hukusema uongo, wamejidanganya wenyewe. Na aliyelazimishwa ana ruhusa ya kuficha imani yake. Si wewe uliyenifundisha?"

"Kulazimishwa nakujua, Kumba, mgongo wangu shahidi. Leo silazimishwi. Nashawishiwa."

"Na mama yako je?"

Demba akalia, Allah amrehemu. Kumpenda mama si dhambi, na mtu mwema si jiwe.

Asubuhi ya safari akasimama mbele ya wahisani, akasema: "Mabwana, nilichoandika ni sura ya Qur'ani. Mimi ni Mwislamu." Uso wa yule bwana ukamwiva kwa fedheha. Majina mawili yakafutwa, meli ikaondoka.

Kumba alinuna siku tatu, na nani wa kumlaumu? Siku ya nne, baada ya alasiri, alimfuata mumewe shambani, akamtia mkononi donge la mchele uliotwangwa na asali, sadaka ya wanawake wa kwao.

"Ya nani hii?"

"Namtolea mama yako. Nimewaza, mume wangu. Angekuona mlangoni, angekuuliza umefikaje. Ungemjibu nini?"

Demba akalimega lile donge, nusu akamlisha mkewe.

Uhuru wa watumwa wa nchi ile ulitangazwa zaidi ya miaka thelathini baadaye, nao walikwisha kuzikwa. Hawakuuona, wala Futa hawakuiona tena.

Ewe ndugu yangu, sisi twasema kwenye simu kwamba tuko njiani, na viatu bado hatujavaa. Wale walitakiwa wanyamaze tu, wapelekwe kwa mama, wakaona wasiseme ila kweli. Mola awakutanishe naye mahali pasipohitaji meli, nasi atutie haya.