Mhunzi Aliyevukuta Moto wa Jehanamu

Paukwa!

"Pakawa."

Hiyo ndiyo sauti ya watu waliomaliza ugali wote ule? Nitainuka niende zangu kulala, mbaki mkitazamana. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa nimewasikia. Kaniki, toa mguu kwenye majivu. Nakunda, geuza hayo mahindi, yakiungua utayala wewe mwenyewe.

Hadithi hii sikuipata kwa bibi yangu. Niliipata mjini, zamani zile nilipokuwa nikimpikia mtawa mmoja wa Kibudha, mtu kanyoa kichwa, kajifunga shuka la manjano. Jua likishapita utosini hali tena mpaka kesho yake, hata umpikie nini. Nilimwonea huruma mwanzoni, baadaye nikazoea. Basi yeye alikuwa akikaa jikoni kwangu asubuhi, ananiambia mambo wanayoamini Wabudha kuhusu jehanamu, nami usiku nikilala nayageuza geuza mpaka yakawa na watu na wanyama. Ndiyo haya.

Kale, kale sana, milima hii ilipokuwa bado haijapewa majina, palikuwa na mhunzi akiitwa Mrindoko. Alikuwa na mdogo wake, Kirumbi. Mnajua uhunzi ni kazi ya watu wawili. Mmoja anafua chuma, mwingine anavukuta. Mivukuto ni viriba vya ngozi ya mbuzi, unavibonyeza, vinapuliza moto: vuu, vuu. Mrindoko alifua, Kirumbi akavukuta, na majembe yao yalisifiwa kila mahali.

Walikuwa na nyundo waliyoachiwa na baba yao. Mrindoko aliipenda nyundo ile kuliko macho yake. Siku moja hakuwepo, Kirumbi akajaribu kufua peke yake, akapiga chuma kilichokwisha poa. Nyundo ikapasuka.

"Lo!" anasema nani huyo? Ni wewe, Kaniki, uliyevunja mtungi wangu juzi? Nyamaza usikilize.

Mrindoko aliporudi akaona vile vipande, alimfukuza mdogo wake papo hapo, hata kibuyu chake cha maji hakumruhusu achukue. Sasa kwa wahunzi wa huko kulikuwa na desturi. Ukimkosea mhunzi mwenzako, unampelekea kikapu cha makaa unakiweka mlangoni kwake. Husemi neno. Akikiingiza ndani, ugomvi umekwisha. Kirumbi alichoma makaa mazuri ya mgunga, akayaleta kikapuni, akayaweka mlangoni, akaondoka kimya.

Mrindoko alikiruka kile kikapu akaenda kazini. Jioni akakiruka akarudi. Mvua ikakinyeshea, kuku wakakichakurachakura, yeye anakiruka tu. Akawa anavukuta mwenyewe kwa mkono wa kushoto na kufua kwa mkono wa kulia, na kila akivukuta anasema:

Vuu, vuu, kanivunjia nyundo.
Vuu, vuu, sitamsamehe.

Semeni na nyinyi.

"Vuu, vuu, kanivunjia nyundo. Vuu, vuu, sitamsamehe."

Eeh, hivyo hivyo. Miaka ikapita, wimbo ni huo huo. Halafu homa kali ikamshika, akalala kitandani, akaacha kupumua. Watu wakalia. Na yeye akajikuta jehanamu.

Nakunda anauliza nani alimpeleka. Nami nilimuuliza mtawa swali hilo hilo. Akaniambia kwamba kwao hakuna anayekupeleka. Unakwenda kwa uzito wa uliyoyatenda na uliyoyabeba moyoni, na uzito ukiisha, unatoka. Hakuna anayekaa humo milele. Najua mwalimu wenu wa dini anafundisha vingine. Msikilizeni mwalimu wenu. Mimi nawasimulia wanayoamini wale, na kusikia ya jirani hakujamtoa mtu kwao.

Basi, Mrindoko akafika mahali peusi, ardhi ya chuma, ukuta wa chuma, hakuna mlango. Katikati pana moto mdogo unaokaribia kuzimika, na kando ya moto kuna mivukuto. Mhunzi hapiti moto unaozimika. Angekuwa mkulima angesema heri, bora uzimike. Angekuwa mfinyanzi angekaa mbali. Yeye ni mhunzi. Akachuchumaa, mkono ukaenda wenyewe kwenye viriba.

Vuu, vuu, kanivunjia nyundo.
Vuu, vuu, sitamsamehe.

Moto ukasimama mrefu, ukainama, ukamla yeye. Aliungua mpaka akafa mara ya pili. Ndipo upepo baridi ukavuma juu yake, mwili ukarudi mzima, akafumbua macho. Mnadhani alikimbia? Aliona moto unafifia tena, akachuchumaa, akavukuta.

Mivukuto ikasema naye. Ikamwambia, "Mhunzi, upumzishe mkono."

Mrindoko akaijibu kwamba kuna mtu anamchoma, na hatapumzika mpaka amjue ni nani. Akavukuta kwa nguvu zaidi ili apate mwanga wa kumwona. Akaungua zaidi. Msicheke. Mnacheka nini? Nimewaona watu wakifanya hivyo hapa hapa kijijini, tena watu wazima.

Kwenye mwanga ule akawaona walinzi. Wakubwa, wamebeba mikuki, wanamjia. Mmoja akamchoma ubavuni. Mrindoko akaushika ule mkuki, na mkono wa mhunzi ukishika chuma, hauwezi kuacha kukipapasa. Akapapasa, akakuta alama karibu na mpini, mikato iliyopishana kama mguu wa kuku. Ilikuwa alama ya nyumba yao. Hakuna mwingine duniani aliyeitia kwenye chuma ila yeye.

"Nani kakuiba kwangu?" akauuliza.

Mkuki ukasema, "Sikuibwa. Kila uliposema hutamsamehe, ulinipiga nyundo moja. Umenifua wewe, tena vizuri."

Mrindoko akainua macho kumtazama yule mlinzi. Paji la uso lilikuwa lake, ndevu zake, hata kovu la cheche juu ya nyusi lilikuwa lake. Alitishika kuliko alivyotishwa na moto. Akakimbia mpaka ukutani, akaupiga kwa ngumi, akalia, akauomba umfungulie. Ukuta ukamjibu kwa upole kwamba hauna mlango wa kufungua, na kwamba wenyewe umechoka kusimama pale.

"Basi anguka," Mrindoko akasema.

"Siwezi. Wewe unanisimamisha."

Hakuelewa. Hata mimi sikuelewa nilipoambiwa mara ya kwanza, nikaunguza mboga. Mrindoko akarudi kwenye moto, maana ndio kitu pekee alichokijua. Akachuchumaa. Akavukuta. Wimbo?

"Vuu, vuu, kanivunjia nyundo. Vuu, vuu, sitamsamehe."

Akasikia kasauti kadogo kanasema: mama yangu, mama yangu. Akainama kutazama. Kando ya moto palikuwa na mjusi, mjusi mdogo tu, wala si wa ajabu. Ardhi ilikuwa ya moto mno, anainua mguu huu, anaushusha, anainua ule, anaushusha, hana pa kuuweka. Na kila Mrindoko alipobonyeza viriba, yule mjusi aliruka kwa maumivu.

Mrindoko akaacha kuimba. Akamuuliza amekuja lini. Mjusi akasema kwamba yupo hapo muda wote, tangu kuku alipomlia mayai yake naye akaapa kumchukia kuku mpaka mwisho wa dunia. Alimwita Mrindoko mara nyingi, lakini Mrindoko alikuwa anaimba.

Basi watoto, moyo wa Mrindoko ukauma. Haukumuumia yeye mwenyewe, uliumia kwa ajili ya vile viguu. Tangu nyundo ipasuke, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwonea mwingine huruma. Akanyoosha viganja vyake, vyote viwili, akamnyanyua mjusi kutoka kwenye ile ardhi, akamweka mikononi na kumpulizia miguu kwa pumzi yake.

Sasa niambieni. Mikono yote miwili imembeba mjusi. Nani anavukuta?

"Hakuna!"

Hakuna. Moto ukashuka. Mrindoko hakuuona, alikuwa anapuliza vile viguu. Mjusi naye, kwa mara ya kwanza, akauliza kama kuku yule naye alikuwa na vifaranga vya kulisha. Moto ukawa kaa moja jekundu, kisha kaa likawa jeusi. Walinzi wakapukutika wakawa kutu. Ukuta wa chuma ukawa kama moshi wa jikoni asubuhi, unauona na mlima unauona nyuma yake. Ardhi chini ya miguu ya Mrindoko ikawa baridi, na ilikuwa na umande.

Mrindoko akashangaa. Akauliza, "Moto umekwenda wapi?"

"Haukwenda popote," mjusi akasema. "Umekosa cha kula na wa kuuvukuta."

"Kwa hiyo haukuwa kweli? Niliota?"

"Mhunzi, uliungua au hukuungua?"

"Niliungua."

"Basi usiseme haukuwepo. Sema ulikuwepo kwa sababu ya mkono wako, na mkono ulipotoka, nao ukaisha. Vitu vyote ndivyo vilivyo. Kila kimoja kinasimama kwa kushikiliwa na kingine."

Upepo baridi ukavuma, Mrindoko akafumbua macho, na safari hii alikuwa juu ya kitanda chake mwenyewe. Nyumba imejaa watu. Pembeni ya kitanda ameketi Kirumbi, macho yamevimba, anaogopa hata kumshika mkono kaka yake, kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia nyumba ile.

Wanawake wakapiga yowe wakakimbia. Mrindoko aliinuka na shuka lake, akaenda mlangoni. Kile kikapu kilikuwa bado pale. Kimeoza, kimeota nyasi. Alipokiinua, kitako kikatoka, makaa yote yakamwagika chini. Akapiga magoti kwenye tope, akaanza kuyaokota kaa moja moja, anayaweka kwenye shuka.

Kirumbi akatoka, akasimama nyuma yake. "Kaka, hayo yamelowa. Hayawaki tena. Nitakuletea mengine."

"Haya ndiyo uliyoniletea," Mrindoko akasema. "Mdogo wangu, nyundo ilikuwa ya chuma. Chuma kinapasuka. Ingepasuka hata mkononi mwangu. Nisamehe, nimekuchoma kwa miaka mingi, kumbe nilikuwa najichoma mwenyewe."

Kirumbi akalia. Akapiga magoti hapo hapo kwenye tope, wakaokota wote wawili mpaka kaa la mwisho, wakayaingiza ndani.

Makaa yale yalitoa moshi siku nzima, nyumba nzima ikakohoa. Lakini yalipokauka yaliwaka. Kirumbi akavukuta, Mrindoko akatia vipande vya nyundo ya baba yao motoni, wakavifua vikawa jembe, wakampa mama mmoja mjane aliyekuwa akilima kwa kijiti. Na siku zote za maisha yake Mrindoko hakumfukuza mjusi kazini kwake. Ndiyo maana hata leo mkimwona mjusi wa mawe anatikisa kichwa juu chini, juu chini, anamkubalia yule mhunzi kwamba alielewa.

Kaniki anauliza, na kama kesho mtu akinivunjia changu, nisikasirike? Utakasirika, mjukuu wangu, wewe si jiwe. Moto utawaka. Tazama hapa jikoni kwetu. Nikitaka huu uzime, siupigi, siutukani, wala siugombezi. Natoa kuni. Huu ukuni nautoa. Na huu. Umeona? Unabaki pale kidogo, unajitafuta, halafu unaisha wenyewe. Hilo ndilo alilonifundisha mtawa wangu, na ndilo ninalowaachia: moto unaokuunguza, tazama kwanza mkono wako uko wapi.

Hadithi yangu nimeiweka chini, anayeitaka aiokote. Sasa mpeni kila mtu hindi lake. Nakunda, hilo kubwa mpe kaka yako Kaniki, najua mchana alikuvunjia kigari chako cha mabua. Umeshampa? Kabla sijasema? Haya, njoo ukae hapa kwangu.