Jiwe la Sitini na Tatu

Sikilizeni basi. Na wewe kule nyuma, weka hiyo simu chini, haitakimbia.

Alikuwako mzee mmoja, bara kidogo kutoka pwani, kwenye vile vilima vya mawe ya chokaa. Wenzake walilima muhogo, naye alilima muhogo. Lakini kila mvua za masika zilipopita, mzee huyu alishika kapu na nyundo akateremka makorongoni. Ukimuuliza mkewe, "Baba Kadzo yuko wapi?" anakujibu bila hata kuinua macho, "Kaenda kuchuma mawe."

Na kweli alikuwa akichuma mawe. Mvua ilipokula kingo za makorongo, walijitokeza konokono wa mawe, wamejiviringa kama kamba iliyokunjwa, wana mbavu mgongoni. Wengine wadogo kama kifungo cha shati, wengine wakubwa kama sahani. Wataalamu huwaita amonaiti. Wanasema hao walikuwa wanyama wa baharini, na kwamba zama hizo za Jurasiki bahari ilikuwa hapa hapa tunapopanda mihogo, miaka zaidi ya milioni mia moja na hamsini iliyopita. Mimi sikuwako, wewe hukuwako, kwa hiyo tusigombane. Aliyewaumba anajua tarehe.

Kazi hiyo alifundishwa na mtaalamu wa mawe kutoka chuo kikuu, mama mmoja ambaye kijiji kizima kilimwita Daktari. Watu walimpelekea hata watoto wenye homa, akawa anawarudisha. Daktari alimwambia mzee neno moja tu, akalirudia mpaka likamwingia. "Mzee wangu, jiwe bila karatasi ni kokoto. Kila unachookota, andika: korongo gani, tabaka gani, siku gani. Usiponiambia lilikotoka, haliniambii kitu."

Mzee akashika. Miaka kumi na minne, kila jiwe na karatasi yake, limefungwa kwa gazeti, limepangwa kwenye makasha chini ya kitanda na juu ya dari. Majirani walimcheka hawakuchoka. "Mzee, ukishajaza nyumba utajenga ghorofa?" Na yeye anaendelea kufunga mawe yake kwa gazeti. Alikuwa na tumaini moja tu moyoni: siku moja Daktari aje ayachukue mawe yale, yawekwe kwenye jumba la makumbusho pamoja na karatasi zake, na watu wajue kwamba hakupoteza maisha yake kuokota takataka. Hilo tu. Hakutaka kingine.

Sasa shetani hamtafuti mvivu, ndugu zangu. Mvivu tayari ni wake. Humtafuta mtu mwenye bidii.

Mzee alikuwa na nusu ya konokono mkubwa, mkubwa kama ungo. Aliiokota korongo la mashariki, ikiwa imevunjika katikati. Miaka mitatu baadaye akaokota nusu nyingine, korongo la magharibi, ambako tabaka ni la zama nyingine kabisa. Siku moja akiwa amekaa anazipangusa, akazisogeza pamoja. Salaala! Zikakaa. Zilipungukiwa hapa na pale, lakini zikakaa. Na Daktari alikuwa ameshasema kwenye simu, "Kikubwa kizima hatujawahi kupata huko kwenu."

Mkewe akamwona anachanganya gundi na vumbi la jiwe.

"Baba Kadzo, unafanya nini?"

"Natengeneza."

"Unatengeneza au unaumba?"

Akapaka, akabana kwa kamba, na gundi ilipokuwa bado mbichi akainyunyizia udongo ili mshono usionekane. Kisha akachukua karatasi akaandika: korongo la mashariki, limekutwa zima. Jiwe la sitini na tatu. Mnaona alichokifanya? Amewaoza wanyama wawili ambao mmoja alikufa kabla mwenzake hajazaliwa, tena kwa miaka milioni kadhaa! Harusi ya namna hiyo hata mimi singeifungisha.

Akampelekea Daktari picha. Siku ya tatu simu ikalia.

"Mzee wangu, huyu ni mnyama gani? Upande mmoja mbavu ni nene, upande wa pili ni nyembamba. Nimetafuta kwenye vitabu vyote, simwoni. Huenda ni aina ambayo bado haijapewa jina. Ikithibitika, jina nitakuachia wewe uchague."

Mzee alipaswa kusema hapo hapo. Ilikuwa rahisi hapo. Lakini mlango ulikuwa wazi, simu ina sauti kubwa, na jirani alikuwa amesikia, na kabla jua halijazama kijiji kizima kinajua. Waliokuwa wakimcheka wakaja kumshika mkono. Akina mama wa kwaya wakatunga wimbo. Kamati ikaundwa, kwa maana sisi hatuwezi kufurahi bila kamati. Mbuzi akafungwa kwenye mti kumngoja Daktari. Na mzee? Chakula hakipiti. Anapongezwa barabarani, anatabasamu na kuharakisha hatua. Je, umewahi kusifiwa kwa jambo ambalo wewe mwenyewe unajua si kweli? Basi unajua ladha yake.

Daktari akaja na gari, kwa siku mbili. Akakaa barazani na mzee, wakafungua makasha yote. Jiwe moja moja, anasoma karatasi, anauliza, anaandika, analifunga upya. Lile kubwa alilishika siku ya kwanza asubuhi, akalipitishia kidole, akaliweka pembeni. Akasema, "Hili tutalimalizia."

Siku ya pili mchana, mawe sitini na mawili yamefungwa, yako tayari kupakiwa. Limebaki moja mezani. Kamati imesimama uani imevaa makoti. Mkewe akapita na birika la chai, akainama sikioni mwa mumewe akamnong'oneza, "Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Daktari akauliza, "Mzee wangu, na hili nalo tulifunge?"

Mzee akatazama makasha yake. Akajua akisema, yote yamekwisha. Nani atamwamini tena? Miaka kumi na minne, mvua na jua, magoti yanauma, itatupwa kwa sababu ya mkebe mmoja wa gundi. Na kijiji kitamcheka mpaka kaburini. Mdomo ukakauka.

"Usilifunge, mwanangu," akasema. "Hilo si moja. Ni mawili. Nililiunganisha mimi kwa mikono yangu, na karatasi ile niliandika uongo. Nusu ni ya mashariki, nusu ya magharibi. Hakuna mnyama kama huyo. Nisamehe."

Kule uani mjumbe mmoja wa kamati akavua koti taratibu.

Na Daktari? Daktari akavuta pumzi, akaegemea ukuta, akafunika uso kwa mikono miwili. Alipoiondoa, alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Asante Mungu," akasema. "Asante, mzee wangu. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa."

"Kukata tamaa kwa nini?"

"Nilijua tangu jana asubuhi. Nilipopitisha kidole niliiona gundi."

"Ulijua! Sasa mbona ulininyamazia siku mbili nzima, mwanangu? Nimekonda!"

"Kwa sababu ningesema mimi, ningekuwa nimemkamata mwongo. Fikiria, mzee wangu. Mawe haya yana thamani kwa ajili ya karatasi zako. Na ulipoyaokota, nani alikuona? Hakuna. Ni neno lako peke yake. Kama ungeniacha nikapakia hili likiwa na uongo wake, nisingeweza kuchukua hata moja. Ningeyaacha yote hapa barazani, kwa sababu ningejuaje ni lipi jingine umenidanganya?"

Mzee akauliza, kwa woga, "Na sasa?"

"Sasa najua kwamba lililo bandia unalitaja mwenyewe, hata likikugharimu. Basi yale sitini na mawili ambayo hukuyataja, nayaamini yote. Njoo tupakie."

Ndugu zangu, mzee akakaa chini sakafuni akalia kwa furaha kama mtoto aliyepatikana sokoni. Wakapakia. Halafu akaomba ugali, akala sahani mbili, akaomba ya tatu, mkewe akamwambia, "Wiki nzima umenitupia chakula, leo utakula na sufuria?" Na mbuzi walimchinja vilevile, maana mbuzi hajui habari za amonaiti. Wengine walimcheka, ndiyo, walimcheka mwezi mzima. Lakini mzee alikuwa analala usingizi.

Sasa tuje kwetu. Kaa vizuri.

Wewe na mimi tumekusanya mengi mema. Miaka kumi ya ndoa, miaka ishirini ya utumishi. Kisha liko moja. Unalijua. Sikuulizi ni lipi, na usimtazame jirani yako, jitazame wewe. Tunalificha kwa sababu tunafikiri tukilisema, mema yetu yote yataanguka nalo. Ndiyo maana tunalilinda, tunatabasamu, tunaimbiwa na kwaya, na ndani tumekonda. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Msicheke, ni methali, nayo ina maana.

Unadhani Mungu anasubiri umletee habari? Habari anayo tangu jana asubuhi. Amenyamaza kwa sababu anakupenda, anataka neno litoke kinywani mwako, ili aseme, huyu naweza kumwamini. Mkeo naye, huenda ameshajua. Na wewe mama, huyo mumeo unayedhani analala, huenda yuko macho anasubiri useme. Watu wetu hawatuombi tuwe na maisha yasiyo na doa. Wanataka kujua kwamba lililo bovu tutalisema wenyewe, ili wapumzike katika yale mengine yote.

Sitawaombeeni leo kwa mkumbo. Yuko mtu hapa, na yule anayepaswa kumwambia amekaa naye benchi moja. Tukitoka nje, msikimbilie mabasi. Simama na huyo mtu kando kidogo, umwambie. Utaogopa, na mdomo utakauka, sisemi hautakauka. Kisha utakwenda nyumbani, na leo utashiba.