Punje Kumi za Fundi Asajile

Mtu mmoja alikuwa na jicho ambalo watu walilitumaini kuliko mizani. Jina lake Asajile, fundi wa magari katika kijiji cha milimani, huko ambako mahindi na kahawa hushushwa kwa malori hadi barabara kuu. Mwenye gari akitaka kuuza na mwingine akitaka kununua, hawakubishana wenyewe kwa wenyewe, maana bei ya kubishana huvunja ujirani. Walilipeleka gari uani kwa Asajile, wakakubali mapema kwamba atakalosema ndilo.

Naye hakutamka bei, ndugu zangu. Alitandika gunia tupu chini, akahesabu juu yake punje mia moja za mahindi. Kila punje ni gunia moja zima la mahindi, na mia ndiyo bei ya lori lisilo na ila. Kisha hukagua. Kila akiona kasoro huokota punje kadiri ya kasoro ile, akawatupia kuku wake. Zitakazobaki ndiyo bei. Desturi hiyo aliirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi, na watu waliipenda kwa sababu moja: kuku hatapiki. Punje ikishaliwa imekwenda, hakuna kubembeleza irudi. Na wakati wa kukagua, muuzaji na mnunuzi hawafungui kinywa.

Siku moja akaletewa lori la marehemu Mwakipesile. Lori la shamba, la kizamani, lenye pua ndefu na taa za mviringo, ambalo hapana nyumba pale kijijini isiyowahi kubebewa mzigo nalo. Aliyeliuza ni mjane wake, Tusekile, mama yake Lugano. Mnunuzi ni Nzunda, mkulima wa kahawa, mtu mwema tu, ila mkono wake mgumu.

Tusekile hakuachiwa kitu kingine. Shamba alilolima miaka yote lilikuwa la ukoo wa mumewe, na ukoo ulikwisha kumwambia apishe. Lakini palikuwa na kipande kando ya mto, mwenyewe anakiuza kwa gunia sabini, na hapunguzi hata debe. Kwa hiyo mama huyu alikaa juu ya kigoda, mikono mapajani, macho kwenye zile punje. Zikibaki sabini, ana pa kupanda. Ikipungua moja tu, ni vibarua kwenye mashamba ya watu, yeye na binti zake.

Asajile alimwonea huruma, tusimsingizie. Ila kilichomtawala asubuhi ile kilikuwa udadisi. Lori hili alitamani kulipekua kwa muda mrefu. Marehemu alikuwa akiliendesha polepole mno. Kwenye mteremko hata wenye vikapu kichwani walimpita, na watoto wakampigia kelele, “Kobe! Kobe anapita!” Asajile naye alicheka pamoja nao. Injini nzima kama ile, kwa nini kuitembeza kama mtu aliyebeba mayai? Leo, alijiambia, leo nitajua.

Akaanza na matairi. Ya nyuma yana kipara: punje sita, haya, kuku wakala. Mbao za bodi zimeoza upande mmoja: tano. Giya ya pili inaruka. Rejeta inavuja. Breki, mh, breki ni za kuombea dua. Alitupa na kutupa, na kila alipotupa Tusekile alihesabu midomo ikicheza bila sauti. Akafungua boneti akasikiliza injini, akatabasamu, hakutupa kitu. Zikabaki sabini na nne. Mama wa watu akashusha pumzi.

Fundi mwingine angeishia hapo. Asajile alitandika kipande cha turubai akajilaza chali chini ya lori, maana swali lake lilikuwa bado halijajibiwa. Akapapasa chesisi, ule uti wa mgongo wa lori, kidole kwa kidole, kwenye tope lililokauka. Katikati, karibu na springi, kidole kikazama. Akakwangua kwa bisibisi. Ufa! Ufa wa siku nyingi, uliochomelewa juu juu tu, ukazibwa kwa rangi ili upendeze.

“Lo! Huyu alilipua kazi!” akapaza sauti huko huko chini. “Huyu si fundi, ni mwizi mwenye leseni!”

Akatoka, akaokota punje kumi, akazirusha. Kuku walikuwa wamekwisha kuzoea; hazikukaa chini hata kidogo. Sitini na nne. Nzunda akageuka pembeni ili asionekane anacheka. Tusekile aliinamisha kichwa, akaanza kujifunga khanga upya kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Asajile alirudi chini. Alitaka kujua ni nani yule mlipuaji, ili amtaje kijijini watu wamcheke. Na ilikuwa rahisi kujua, maana mafundi wa kule kila mmoja hugonga alama yake kwenye chuma alichokichomelea. Akamwagia maji kidogo, akafuta tope kwa kiganja. Nukta tatu na mkato mmoja.

Ilikuwa alama yake.

Alilala pale akiitazama. Akakumbuka. Miaka kumi na minne nyuma, ndiyo kwanza amefungua gereji, na harusi ya dada yake ilikuwa kesho yake. Alikuwa na haraka. Alichomelea juu juu, akapaka rangi, akagonga alama kwa mazoea, akapokea malipo kamili na shukrani juu yake. Kumbe ndiyo sababu ya ule mwendo wa kobe. Mwenye lori alikuwa amebeba ufa, akaubeba miaka yote hiyo na mizigo ya kijiji kizima juu yake, asiuache ufunguke.

Hakuna aliyemwona. Tope lilikuwa bado bichi mkononi. Lingerudi mahali pake kwa kubandika tu. Na kuku walikuwa wamekwisha kula. Haki ya Mungu, aliliwazia lile tope.

Kisha akatambaa akatoka, uso umemshuka, akavunja desturi kwa kuuliza.

“Mama Lugano, marehemu aliujua ufa huu?”

“Aliujua,” alisema Tusekile. “Mwaka ule ule.”

“Na mbona hakunirudia?”

“Nilimwambia aje akuumbue. Akakataa. Alisema, kijana wa watu ndiyo kwanza anatafuta jina. Nikimsema leo, nani tena atampelekea kazi? Akaniapisha nami nisiseme. Ndiyo maana hata sasa nilikuwa nimenyamaza, baba.”

Asajile alitazama lile gunia lililotandikwa chini. Jina lote alilokuwa nalo, lile lililowaketisha watu wawili uani kwake bila kubishana, alikuwa amepewa na mtu yule yule waliyemcheka wakimwita Kobe. Machozi yalimtoka mbele ya mnunuzi, na hakuyafuta.

“Nzunda atalipa sitini na nne, kwa kuwa ufa upo na hakuuweka yeye,” akasema. “Zile kumi zimeliwa na kuku wangu. Zitatoka ghalani kwangu.”

Na ghala lake halikuwa na zaidi ya gunia kumi na tano kwa mwaka mzima. Zilipimwa siku ile ile. Mkewe alinuna mpaka mvua za kwanza, na pale mezani uji ulikuwa mwepesi. Chesisi aliichomelea upya bila malipo, safari hii mpaka ndani. Tusekile akapata kile kipande cha mtoni, na mpaka leo anapalilia pale.

Ninyi mnaokagua wenzenu, mkawarushia kuku punje zao na kusema huyu ana ufa, yule mwendo wake wa kobe: ni nani kati yenu aliyewahi kujilaza chini, akafuta tope, akaona alama iliyogongwa pale ni ya nani?