Kreti Moja ya Soda na Jina la Kitukuu

Nilikuwepo. Mtu asije akawaambia kwamba habari hii aliisikia kwa mjomba wake. Mimi niliiona kwa macho haya mawili, behewa la tatu, kiti cha dirishani, begi mapajani. Shule niliachia darasa la tano, sikatai, lakini kuona hakuhitaji cheti. Kaeni vizuri, maana mwishoni nitawataka mtoe hukumu, na mimi sipendi hakimu anayesinzia.

Katika treni ile walikuwemo watu watatu wenye vipaji, na hakuna aliyemjua mwenzake.

Wa kwanza Fundi Mwinshehe, mshona viatu. Kipaji chake macho. Akikutazama unavyoshuka ngazi anakwambia kiatu kinakubana kidole gani, tena anakwambia kama ulichagua mwenyewe au ulichaguliwa na mkeo.

Wa pili Mabeleje. Huyu zamani alikuwa mtu wa gengi, wale wanaoshinda juani wakikaza mataruma ya reli, yale magogo yanayolazwa chini ya chuma. Kipaji chake miguu. Juu ya chuma kilicholowa alikuwa anatembea kama wewe unavyotembea sebuleni kwako, na wewe sebuleni kwako unajikwaa.

Wa tatu Bi Zamoyoni. Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuonja soda kiwandani, hadi kiwanda kikafungwa. Kipaji chake ulimi. Soda ya sukari ya miwa na soda ya vidonge vya utamu alizitenganisha kwa tone moja.

"Sukari ya kweli," aliniambia, "inaingia polepole, inakaa, inaaga, inaondoka. Ile ya vidonge inakuja mbio, halafu haitaki kuondoka. Unalala nayo nyuma ya ulimi, kama umelamba ufunguo."

Kazi hiyo ilimwachia meno manne mabovu. Aliapa hatatia soda mdomoni tena maisha yake yote.

Basi treni ikakwama. Mvua ilikuwa imekula tuta la reli mbele yetu, na usiku uleule ikala na la nyuma. Tukabaki katikati kama kisiwa, porini, hakuna kijiji wala mtandao wa simu. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya pili tuligawana mihogo ya abiria mmoja, na biskuti za mwisho wakapewa watoto. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, hakuna aliyekuwa anacheka.

Ndipo Bi Nyamizi, abiria wa behewa letu, alipoanza kuvunja watu mbavu, kumbe siyo mzaha. Bibi mpole, tangu tuondoke hakuwa amemsema mtu vibaya, ghafla akamtukana mchungaji aliyekaa mbele yake matusi ambayo mimi, pamoja na ujanja wangu wote, mawili sikuyafahamu. Jasho likamtoka, na kulikuwa na baridi. Macho yakampanda juu.

"Pepo hilo," mmoja akasema. "Mfungeni mikono."

"Malaria imepanda kichwani," mwingine akasema. "Mvueni kitenge apate hewa."

Mchungaji alikuwa ameshasimama, kitabu mkononi. Sijui alitaka kumwombea au kumjibu.

Fundi Mwinshehe akapita katikati ya watu. Akamtazama yule bibi mkono unavyotetemeka, akafungua kikapu cha bibi, akatoa sindano ndogo na kichupa cha dawa. "Huyu ana ugonjwa wa sukari," akasema. "Asubuhi amejichoma dawa, na chapati yake ya mwisho nilimwona akiwakatia wale watoto. Sukari yake imeshuka. Tafuteni kitu chenye sukari, upesi!"

Behewa zima likamrukia. "Wewe mzee una akili? Mtu anaumwa sukari, unataka kumwongeza sukari? Muuaji!"

"Hata mimi nilisema hivyohivyo," akajibu, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba watu walimsogelea ili wamsikie. "Mke wangu Havijawa alitoka jasho kama hili. Akaniomba chai ya sukari. Mimi ndiye niliyeficha kopo la sukari. Nilificha kwa mapenzi. Alifia hapa." Akapiga paja lake.

Watu wakaanza kupekua mabegi. Sukari ilikuwa imeadimika nchi nzima mwezi ule. Tulipata chumvi, majani ya chai na kitunguu. Peremende hata moja hapana.

"Soda," akasema bwana mmoja kwa shingo upande. Huyo ni Mlingwa, aliyekuwa anasafirisha soda alizotengeneza mwenyewe uani kwake. "Ziko behewa la mizigo."

Tukachungulia nje. Behewa la mizigo lilikuwa la mwisho kabisa, na tuta chini yake lilikuwa limekwenda na maji. Reli mbili zilining'inia hewani, behewa limekaa juu yake kama mlevi juu ya uzio. Chini mto unanguruma, maji ya rangi ya matofali.

Mabeleje akavua viatu. "Mataruma yakilegea hayakanyagwi," akasema. "Unakanyaga chuma chenyewe, na husimami."

"Una watoto wangapi?" mchungaji akamwuliza.

"Saba. Usinihesabie sasa hivi."

Akaenda. Nilimwona akiinama kama paka, mguu mbele ya mguu, reli inapanda na kushuka. Akaingia. Tukasikia chupa zinagongana. Akatokea na kreti kichwani, behewa nalo likaanza kulia, chuma kinavyolia kikichoka. Alipovuka kizingiti, mlango ukajifunga kwa nyuma ukambana kisigino, akauvuta mguu, ngozi ikabaki huko. Alipokanyaga ardhi, behewa likageuka taratibu na kuingia mtoni na kreti zote zilizosalia. Ilibaki ile moja aliyotuletea ndani. Chupa ishirini na nne.

Bi Nyamizi alikuwa ameacha kutukana. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mwinshehe akashika chupa, akasita. Aliitazama chupa, kisha akamtazama mwenye soda. "Bwana Mlingwa, hizi zote ni sukari?"

"Sukari tupu! Mimi sina mchezo na wateja."

"Mtazame huyu mama usoni, halafu urudie."

Mlingwa akamtazama. Akakaa sakafuni kwenye matope ya viatu vyetu, suruali yake nzuri na yote. "Sukari ilipoadimika nilitia vidonge. Kizibo chekundu ni sukari, cha kijani ni vidonge. Lakini vyekundu viliniishia, nikaziba zote kwa kijani. Humo za sukari ziko nane. Au sita."

"Na vidonge havimsaidii kitu," akasema Mwinshehe. "Koo lake linafunga. Atameza mafunda mawili, labda matatu. Baada ya hapo kila tone litakwenda mapafuni. Hatuna chupa ya kujaribia."

Jamani, hapo ndipo nilipojua kwamba binadamu wote ni waonjaji. Kila mtu akataka chupa. "Hii ndiyo sukari!" "Hiyo? Hiyo maji ya kufulia!" "Mimi nimekunywa soda kabla wewe hujaota meno!" Mmoja akasema tumwage chini tungoje sisimizi. Sisimizi gani, wote wamezama. Mwingine akasema tupake mkononi, ikikauka ikanata ndiyo yenyewe. Mvua ile, kitu gani kingekauka? Na tumbo la siku tatu bila chakula cha maana linaona kila kitu kitamu. Mimi mwenyewe nilionja mbili, nikaapa zote ni asali.

Bi Zamoyoni akasukuma watu. "Tokeni. Nipeni."

Akaonja ya kwanza, akatema. Ya pili, akatema. Ya tano. Ya nane. "Ulimi umekufa," akasema, na machozi yakamtoka. "Njaa imeuua. Zote zinaingia sawa."

"Endelea, dada," Mwinshehe akamwambia, kichwa cha Bi Nyamizi kimelala mapajani mwake, pale pale alipopiga. "Endelea, nakuomba."

Ya tisa. Ya kumi. Ya kumi na moja akaitia mdomoni, akapiga yowe lililowaamsha watoto, akashika shavu kwa mikono miwili. Jino bovu lilikuwa limemkamata hadi utosini. Vidonge havigusi jino, ila sukari ya miwa inaliingia kama msumari.

"Hii!" akalia. "Naapa kwa mama yangu mzazi, hii ni miwa!"

Mwinshehe akamtia Bi Nyamizi funda shavuni, akalisugua koo polepole. La pili. La tatu likatoka pembeni ya mdomo. Koo lilikuwa limefunga. Akaweka chupa chini. Tukakaa. Mvua ikinyesha, Mabeleje damu inamtoka kisigino.

Kisha bibi akasema, macho bado yamefumba: "Nani kanimwagia soda kwenye kitenge changu?"

Watu walilia kama wamefiwa.

Alipopata nguvu alieleza safari yake. Kitukuu chake cha kwanza kimezaliwa, na katika ukoo wao bibi mkubwa ndiye mtoa jina. Jina ni moja, halirudiwi wala haliongezwi, na halichagui kama mtoto ni wa kiume au wa kike. "Nitampa la aliyeniokoa," akasema. "Nani huyo?"

Mabeleje akasema: "Bila mguu wangu mngeonja mvua. Watoto wangu saba wote wamebeba majina ya ukweni. Mama yao ana maneno mengi kuliko mimi."

Bi Zamoyoni akasema, shavu limevimba: "Mimi sikuzaa. Jina langu likizikwa nami, limekwisha duniani."

Mwinshehe akasema wa mwisho. "Kama ni mimi, mtoto asiitwe Mwinshehe. Aitwe Havijawa."

Mtu akachomekea kutoka nyuma, "Basi aitwe Jino!" halafu akajificha nyuma ya begi lake.

Bi Nyamizi aliwatazama wote watatu hadi gari la uokoaji lilipofika. Hakuamua. Akanitazama mimi, mtu mwenye akili humo ndani, na mimi nikatazama dirishani. Kwa hiyo nawaachia nyinyi. Aliyejua ugonjwa, aliyeleta kreti, au aliyeipata chupa?

Ngojeni, msijibu bado. Kuna kitu kimoja nilikitia mwenyewe. Kile kiapo cha Bi Zamoyoni, "hii ni miwa", hakikusemwa; nilikiweka kwa sababu nilitaka mlale vizuri. Alichosema, ameshika shavu, ni hiki: "Sijui. Huenda ni sukari, huenda ni jino tu limeamka." Mwinshehe alisikia, nilimwona akisikia. Akamtazama yule bibi, akamtia funda la kwanza.

Haya, hakimu. Jina ni la nani?